Usitie saini ukiwa kitandani

Juzi usiku kijana mmoja wa Ruashi, hapa Lubumbashi, Kongo, aliniandikia, akiniita kaka kwa heshima: "Yaya, bomba la chuma limeniangukia mguuni kazini. Kapita, msimamizi wetu, amekuja na dola 60 na karatasi. Anasema nikitia saini nazipata leo. Nifanye nini?"

Nilibaki na simu mkononi mpaka bukari, ugali wangu, ikapoa. Hizo dola 60 nazijua. Mimi nilipewa 80.

Ilikuwa 2019. Nilikuwa jornalie, kibarua wa kutwa, wa kampuni ndogo iliyofanya kazi chini ya kampuni kubwa ya mgodi, njia ya Likasi. Kontra, yaani mkataba, hakuna. Asubuhi mnasimama mbele ya geti, kapita ananyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe. Mimi nilichaguliwa kila siku, na nilijivuna kwa hilo, maana kukata chuma hakuna aliyenishinda pale. Siku ile disiki ya mashine ilipasuka. Kifuniko chake kilikuwa kimetolewa wiki mbili kabla ili kazi iende mbio. Maumivu sikuyasikia kwanza. Niliona glovu yangu ya kushoto iko chini, nikashangaa mbona ndani bado kuna kitu.

Kesho yake kapita akaja hospitali. Mtu aliyekula kwangu mara ngapi! Akaweka dola 80 juu ya shuka, pamoja na karatasi ya Kifaransa inayosema nimepokea haki zangu zote na sitadai tena. Kichwa bado kilikuwa kizito kwa dawa. Nikatia saini. Baadaye nikasikia anawasimulia wenzangu kwamba nilikuwa nimelewa pombe ya lutuku. Mimi, nisiyekunywa hata bia moja ya Simba! Vidole vilipona. Neno hilo halijapona.

Miezi miwili nililala ndani, Katuba, nikijiona nimejiuza mwenyewe. Aliyeniinua ni mke wangu, kwa kayee yake, daftari la matumizi ya nyumbani. Kila jioni niliyorudi na pesa aliandika: tarehe, franka ngapi, za unga, za makala ya kupikia, za likelemba, ule mchango wetu wa zamu. Akaifungua mbele yangu akasema, "Hesabu." Katika miezi miwili ya mwisho tulipata siku 41.

Hapo ndipo rafiki mmoja aliyesoma sheria aliponionyesha jambo ambalo kila jornalie wa Lubumbashi angepaswa kulijua kama anavyojua jina la mama yake. Sheria ya Kazi ya Kongo ya 2002 inasema ukishafanya siku 22 ndani ya miezi 2, na wakakuchukua tena kabla miezi hiyo haijaisha, kontra yako inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho. Hata kama hamjaandikiana kitu. Kumbe sikuwa mtu wa getini!

Safari za kwenda ofisini sitazisimulia, ni nenda rudi tu. Nasimulia siku moja: siku ya kupatanishwa mbele ya enspekta wa kazi, mkaguzi wa serikali. Ile karatasi niliyotia saini aliisoma, akaiweka kando. Akachukua kayee, yenye alama za mafuta ya mawese, akaipitia ukurasa kwa ukurasa. Mtu wa kampuni akacheka: "Hii ni kayee ya mwanamke ya kununulia unga." Enspekta akamwuliza: "Na yenu iko wapi?" Hawakuwa nayo.

Tulitoka na peve, taarifa rasmi ya kikao, iliyosainiwa. Walinilipa theluthi mbili za mshahara kwa miezi niliyolala, wakalipa hospitali, wakaandikisha ajali CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Daktari akakadiria ulemavu wangu. Ukifika asilimia 15, unapata rente, yaani malipo yanayoendelea. Usipofika, unapewa pesa ya mara moja. Wangu ulifika. Si pesa ya kujenga nyumba, lakini watoto hawajafukuzwa shule.

Sasa nisikilizeni, ninyi vijana mnaopenda kusema "Mungu atanilipia." Mungu hasaini peve! Usitie saini ukiwa kitandani. Mwambie daktari aandike kwamba ni ajali ya kazi, usiache aandike "jeraha" tu. Shika majina ya waliokuwepo. Ukigongwa njiani, kwenye njia yako ya kila siku ya kwenda kazini, hiyo nayo ni ajali ya kazi. Na asikudanganye mtu kwamba huna haki kwa sababu ulikuwa hukatwi pesa ya ajali: mchango wa ajali za kazi ni asilimia 1.5, na wote unatoka kwa mwajiri. Ile asilimia 5 inayokatwa kwa mfanyakazi ni ya pensheni. Kama hakukuandikisha, kosa ni lake.

Anza kwa enspekta, usikimbilie tribunali, yaani mahakama. Bila kupita kwenye upatanisho kwanza, tribunali ya kazi haipokei kesi yako. Mkishindwa kupatana, enspekta anaandika peve ya kushindwa, na hiyo ndiyo unayoingia nayo. Na usitie saini kitu usichokielewa. Nimeshasema? Nasema tena.

Kijana wa Ruashi amenijibu jana. Hajasaini, lakini anasema yeye hana kayee. Nikamwuliza jioni pesa anampa nani. Mama yake, anauza samaki soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, anaandika madeni yote ya watu. Nimemwambia aje Jumamosi, na asije peke yake.