Gemu 10,000 ndani, utacheza ngapi? Maswali yenu kuhusu vidude vya gemu za zamani

Safari hii karibu wote mmeuliza vile vidude vya bei chee vya kuchezea gemu za zamani, vya kampuni kama Miyoo, Anbernic na wenzao. Nayachukua yanayojirudia.

Kaka, nimeona kimoja boksi limeandikwa gemu 10,000 na kinapiga mpaka za PSP, ile PlayStation ya mkononi. Ni kweli au naingizwa mjini?

Hiyo 10,000 isahau, humo mara nyingi utakuta gemu ileile imerudiwa toleo la Japani, la Marekani, la Ulaya, na zingine hazifunguki kabisa. PSP ndo pa kuwa makini maana kufunguka na kuchezeka ni vitu viwili. PSP ilitoka 2004, prosesa yake mwisho MHz 333, unaweza ukadhani prosesa ya sasa inayopita GHz 1 itaimeza tu, ila emuleta (programu inayochezesha gemu za mashine nyingine) inaigiza mashine nzima, kila amri ya prosesa ya zamani inabidi igeuzwe kwenda kwenye lugha ya mpya na hapo nguvu inaliwa vibaya mno. Kwenye kitu kama RG35XX H ya Anbernic (chipu ya H700, kora nne za Cortex-A53, RAM GB 1) gemu nyepesi za PSP zinaenda, sasa weka gemu nzito kama God of War uone inavyojikokota. N64 (Nintendo 64) nayo nusu nusu. Saturn ya Sega ndo usiulize, ile ilikua na prosesa kuu mbili zinazofanya kazi pamoja, kuiiga ni mziki. Miyoo Mini Plus yenyewe ina RAM MB 128 tu, mwisho wake PS1 (PlayStation ya kwanza), lakini mpaka hapo inapiga safi na mi namheshimu zaidi muuzaji anayesema mwisho ni PS1 kuliko anayejaza boksi majina.

Ukiangalia video ya mtu anakisifia, sikiliza sauti kwanza. Emuleta ikizidiwa sauti inaanza kukwaruza, picha anaweza akaificha kwa kuruka fremu.

Kioo cha 640 kwa 480 si kidogo mno kwa zama hizi?

Kwa simu ndio, kwa hizi gemu hapana, tena kinakaa vizuri kuliko vingine vikubwa. Gemu nyingi za PS1 zilichorwa 320 kwa 240, zidisha mara 2 unapata 640 kwa 480 kamili, picha inajaa kioo bila kuvutwa popote. Game Boy ya 1989 ni 160 kwa 144, mara 3 inakua 480 kwa 432, inabaki nafasi nyeusi kidogo haina shida. Tabu iko kwa GBA (Game Boy Advance), 240 kwa 160: ukitaka ijaze upana wote unazidisha mara 2 na ushee, sasa pikseli zingine zinatoka nene zingine nyembamba, na mandhari ikianza kutembea inamemetuka ovyo mpaka macho yanachoka. Kama GBA ndo roho yako basi washa filta ya kulainisha picha, au ridhika na mara 2 na fremu nyeusi pembeni, au tafuta kioo cha 720 kwa 480 kama cha RG34XX ya Anbernic ambacho ni mara 3 kamili. Mi ningeangalia kioo kwanza kabla hata sijauliza prosesa gani.

Nitajuaje kama zile batani za mishale ni nzuri?

Swali zuri kuliko yote na hakuna anayeuliza! Fungua Contra ya NES (Nintendo ya zamani ya nyumbani), shika kulia jamaa akimbie, alafu tikisa dole gumba kidogo juu chini bila kukusudia kubadili uelekeo. Bunduki ikiinuka au ikishuka yenyewe, mishale inashika pembe hovyo, na gemu za kupigana zitakutesa, utakua unaruka wakati unataka kusogea. Na kama mikono yako mikubwa angalia batani za mabega ziko wapi, kwenye vidude vya wima vidole vinabanana huko nyuma na baada ya nusu saa utaanza kukichukia.

Simu yangu ina nguvu mara kumi ya hicho kidude, ninunue cha nini?

Usinunue. Kweli kabisa, kama simu ni nzuri tafuta padi ya kubana simu pande mbili, utapata mpaka PSP bila jasho. Kidude kinamfaa anayetaka kitu cha mfukoni, cha kuwasha na kuendelea pale alipoachia, bila meseji kuingia katikati ya bosi wa mwisho.

Memori kadi iliyokuja nayo niiache?

Itoe siku hiyohiyo. Nyingi za bure ni za ovyo, zinakufa na sevu zako zote. Kopi kila kitu kwenye kompyuta, nunua kadi ya jina linaloeleweka, ya zamani itunze kama akiba. Ukiwa na Miyoo Mini hapohapo weka OnionOS, mfumo wa kuendeshea uliotengenezwa na mashabiki, mashine inakua nyingine kabisa, wenye vidude vya chipu ya H700 angalieni muOS au Knulli. Na sevu ndani ya gemu yenyewe pia, usitegemee ile ya emuleta ya kugandisha pale ulipo peke yake, ukiapdeti emuleta inaweza ikagoma kuisoma.

Changu hakichaji na chaja ya simu, kimekufa?

Jaribu kwanza waya wenye kichwa cha USB ya kawaida upande wa chaja. Vidude vingi vya bei rahisi wamebana matumizi kwenye tundu la USB-C, vimekosa rezista ndogo za kuiambia chaja itoe umeme, kwaiyo C kwa C haviitikii. Na hiyo chaja iwe ya kawaida ya volti 5, ile ya kuchaji haraka waachie wenye simu.