Ukitaka kufufua BBS nyumbani, anza na ujumbe

Wapenzi wa kompyuta za zamani huniuliza: nichukue programu gani ya BBS, yaani ubao wa matangazo wa kompyuta ambao watu huunganisha kwa simu au intaneti na kuachiana ujumbe? Wengi huwa wameshavutiwa na michezo na picha za rangi za ANSI, zinazochorwa kwa herufi. Mimi kwanza huwauliza wana watu gani watakaoandikiana humo. BBS isiyo na mazungumzo ni kompyuta inayokula umeme bure.

Hata BBS ya kwanza ilijengwa kwa ajili ya ujumbe. Ward Christensen na Randy Suess walianza kuitengeneza CBBS huko Chicago Januari 1978, theluji ilipowafungia watu majumbani, na tarehe 16 Februari ikafunguliwa kwa watu wote. Wazo lilitokana na ubao wa matangazo wa klabu yao ya kompyuta. Laini ya simu ilikuwa moja, mgeni mmoja kwa wakati. Simu ikilia, mtambo unapakia programu kutoka kwenye disketi, mgeni anasoma, anaandika yake, anakata, na mwingine anapata zamu.

Kwa hiyo, kama unataka kitu cha kukaa na watu leo hii, chukua programu ya Synchronet. Ni ya bure, Rob Swindell anaiendeleza tangu miaka ya 1990, na inafanya kazi kwenye Linux na Windows. Kama shida yako ni kuonja DOS yenyewe, ule mfumo wa kompyuta za zamani, chukua WWIV, programu ya BBS ya enzi hizo, na uiweke ndani ya DOSBox, inayoiga kompyuta ya DOS. Kwenye faili la mipangilio andika serial1=modem listenport:2323, na DOSBox itajifanya modemu: mtu akiunganisha kwa telnet, njia ya zamani ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kupitia mtandao, programu inasikia simu inaita. Programu nyingi za DOS pia zinahitaji dereva wa FOSSIL, kama X00 au BNU, akae kati yake na poti ya siriali, yaani tundu la modemu. Pakia dereva kwanza, BBS baadaye.

Sasa mambo ambayo miongozo ya Marekani haikwambii. Intaneti ya laini ya simu au ruta ya 4G kwa kawaida haikupi anwani yako mwenyewe ya IP. Wateja wengi wanatumia moja kwa pamoja, kwa hiyo wewe unatoka nje vizuri lakini wa nje hakufikii. Usipoteze wiki nzima ukichokonoa ruta. Kodi seva ndogo yenye anwani yake ya IP, au anza na marafiki walio kwenye Wi-Fi moja.

Na umeme. Ukikatika programu ikiwa inaandika kwenye faili la watumiaji, faili linaweza kuharibika, na kwenye WWIV watu wako wote wamo ndani ya faili moja, USER.LST. Linakiliwe kwenye flashi kila usiku. Ni dogo mno, huna sababu ya kuliacha.

Kiswahili kinakaa vizuri sana kwenye mashine hizi kwa sababu herufi zetu hazina alama juu wala chini. Kasoro ni moja: ritifaa, ile alama ya ng'. Simu nyingi zinaandika ile iliyopinda, yenye baiti tatu, na DOS inaisoma kila baiti peke yake. Ukibandika ujumbe ulioandikwa kwenye simu, ng'ombe anatokea kama ngΓÇÖombe. Badilisha ritifaa zote ziwe za kawaida kabla ya kubandika, na waeleze watu wako mapema, maana ng' tunaitumia kila siku.

Kuhusu kuhamisha faili, jaribu njia ya Xmodem japo mara moja, hata kama ile ya Zmodem ina kasi zaidi. Christensen aliitengeneza Xmodem mwaka 1977. Inakata faili vipande vya baiti 128, na kila kipande kina namba yake na baiti moja ya kuhakiki. Mpokeaji akikubali ndipo kinachofuata kinatumwa. Kwa modemu ya biti 300 kwa sekunde, kipande kimoja kilichukua zaidi ya sekunde nne. Ukikitazama kikienda polepole hivyo utaelewa mawasiliano ya kompyuta kuliko kwa kusoma vitabu.

Telnet haifichi chochote, nywila zinasafiri wazi. Waambie wageni wachague ambayo hawaitumii kwingine, na kama umechagua Synchronet, washa SSH, inayoficha kila kinachosafiri.

Watu wakishazoea kuandikiana, ndipo uombe kuunganishwa na Fidonet, mtandao ulioanzishwa na Tom Jennings mwaka 1984, BBS zikipigiana simu usiku na kubadilishana barua. Afrika ilipewa kanda namba 5, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 yapo mashirika ya Nairobi yaliyopata barua pepe kwa njia hiyo kabla intaneti haijafika. Michezo iongeze baadaye, wenyewe wakiiomba.