Mwalimu wa lugha, punguza kusema

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa mwalimu kijana anayefundisha Kifaransa sekondari. Baada ya shikamoo akaingia kwenye shida yake: wanafunzi wake wananyambulisha vitenzi ubaoni bila kukosea, mitihani ya kuandika wanafaulu, lakini akiwauliza walifanya nini jana jioni, darasa zima linatazama madawati. Afanyeje?

Mdogo wangu, nyamaza. Hilo ndilo jibu fupi. Jibu refu lina kidonda changu ndani yake, kwa hiyo utanivumilia.

Kuna shule niliwahi kufundisha, sitaitaja, ambako nilikabidhiwa kidato kilichokuwa kimekaririshwa Kifaransa kama mashairi. Jedwali la vitenzi walilijua kuliko mimi. Nikaamua kila kipindi kianze daftari zikiwa zimefungwa. Wanakaa wawili wawili, mmoja ana ratiba ya safari yenye mapengo, mwenzake anayo inayoyajaza, na haruhusiwi kumwonyesha karatasi. Lazima aulizwe, lazima ajibu. Mimi napita katikati ya madawati na kusikiliza, basi. Siku za mwanzo zilikuwa ngumu, siwachoshi nazo. Baadaye wakazoea, na kelele zikawa kelele kweli.

Mkuu wa idara akachungulia dirishani. Hakuingia. Kwenye kikao cha walimu, mbele ya wote, akasema pale hakuna somo, pale kuna soko. Watu wakacheka. Muhula wa mwisho, wanafunzi wakiwa wameshaandikishwa kwa DELF, mtihani wa kimataifa wa Kifaransa unaotolewa na Ufaransa, ngazi ya B1, yaani ya kati, nikanyang'anywa darasa akapewa mwingine, eti awatulize. Matokeo yalipotoka, sehemu ya kuzungumza ndiyo iliyowabeba. Picha ya pamoja na vyeti ilipigwa, mimi sikuitwa. Sijasahau, na sijifanyi nimesahau.

Asiyeujua mtihani huo pengine haelewi kwa nini najivuna. DELF ina alama 100, zimegawanywa sawasawa kati ya kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza: 25 kila sehemu. Cheti kinapatikana kwa alama 50, lakini ukipata chini ya 5 katika sehemu yoyote, umeanguka hata kama kwingine umefagia zote. Kwenye B1, chumba cha mazungumzo kina kazi tatu. Unajieleza, unaigiza mazungumzo na mtahini, kisha unasoma kimakala kifupi na kutoa maoni yako mwenyewe. Maoni hayakaririki. Mtoto ambaye hajawahi kubishana na mwenzake kwa Kifaransa darasani ataanza kubishana lini? Mbele ya mtahini asiyemfahamu?

Wapo watakaosema mtoto akisikia lugha ya kutosha, ulimi utafunguka wenyewe. Kusikia ni lazima, sibishi. Ila Kanada walishaliona hili kwa upana. Huko, tangu miaka ya 1960, watoto wa familia zinazozungumza Kiingereza walianza kufundishwa masomo yao kwa Kifaransa. Mtafiti wa ufundishaji lugha, Merrill Swain, alipowachunguza wanafunzi wa namna hiyo, aliona kwamba baada ya miaka mingi walielewa vizuri sana, karibu sawa na wenye lugha, lakini kwenye kusema na kuandika bado walikuwa nyuma. Kuanzia mwaka 1985 akajenga hoja ambayo mimi nimeishi nayo: mwanafunzi anapolazimika kutunga sentensi yake mwenyewe ndipo anapogundua kile asichokijua. Akisikiliza tu, anaweza kukisia maana na kupita. Akisema, hana pa kupitia.

Sasa njoo kwenye kunyamaza kwenyewe, maana hapa ndipo walimu wengi tunaposhindwa. Tunauliza swali, halafu tunalijibu. Mtafiti wa elimu wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima jambo hili kwenye vipindi vya sayansi miaka ya 1970 na kukuta mwalimu wa kawaida anasubiri kama sekunde moja tu kabla ya kurukia. Waliposubiri sekunde tatu, majibu yalirefuka na wanafunzi waliokuwa kimya wakaanza kujibu. Hiyo ni sayansi, tena kwa lugha waliyoizoea! Mtoto anayetafuta kitenzi, kisha nafsi, kisha wakati, kisha ujasiri, anahitaji zaidi ya hapo. Hesabu kimoyomoyo. Utajisikia vibaya, utaona kama unapoteza kipindi. Vumilia.

Na anapokosea, usimtafunie. Tuna tabia ya kumrudishia sentensi yake ikiwa imenyooshwa, naye anaitikia "oui" na kuendelea na kosa lake. Watafiti Roy Lyster na Leila Ranta walilionyesha hili mwaka 1997, wakichunguza madarasa ya Kifaransa huko huko Kanada: masahihisho ya aina hiyo ndiyo walimu waliyatumia zaidi, na ndiyo yaliyowafanya wanafunzi wajirekebishe kwa nadra zaidi. Mimi nauliza tu, "Umesemaje?" Au narudia sentensi yake mpaka pale kosa linapoanzia, nasimama, namtazama. Mara nyingi anajisahihisha mwenyewe, na ukimwona uso wake wakati huo hutataka tena kumfanyia kazi yake.

Walimu wenzangu, tuambiane ukweli. Tumeupenda ubao kupita kiasi. Tunataka somo linalopendeza kwa anayepita nje, tuonekane tunafundisha, na mtoto anatoka sekondari na daftari safi na mdomo uliofungwa. Halafu tunasema kizazi hiki hakipendi lugha. Kinapenda sana, tatizo ni kwamba muda wote wa kusema tumeushika sisi. Ukitaka wanafunzi wako waongee, acha wewe kuongea. Narudia kwa sababu najua umeshaanza kutafuta sababu ya kutofanya.

Utaniambia darasa ni kubwa. Darasa kubwa ndilo linalohitaji wawili wawili, kwa sababu ukiuliza mmoja mmoja wengine watafika mwisho wa mwaka hawajasema sentensi. Utaniambia silabasi haisubiri. Sarufi nami naifundisha, tena kwa ukali, lakini baada ya mazungumzo, nikiwa nimeshasikia walipokwama. Wenye aibu usiwasimamishe mbele ya darasa. Waache wamwambie jirani kwanza, watakuja wenyewe.

Kinachobaki ni nani akae na nani, na hapo sina utafiti wa kukupa. Mimi nawatenganisha marafiki. Wakikaa pamoja, sentensi mbili tu, Kifaransa kimekwisha na wanapiga soga zao kwa lugha ya nyumbani.