Asilimia za Kifua Kikuu Kisiwani

Swali: Katika kisiwa kidogo kama Nauru, mafanikio ya matibabu ya kifua kikuu yanawezaje kuporomoka ghafla kutoka asilimia 100 hadi 80?

Jibu: Nauru ina wakazi wapatao 12,000 tu, na wakiandikishwa wagonjwa 5, kifo cha mmoja, au kuhama kwake bila taarifa kabla ya kumaliza miezi 6 ya dawa, hushusha kiwango hicho hadi 80, chini ya lengo la asilimia 85 lililowekwa na Baraza la Afya Duniani mwaka 1991. Kwa hiyo ni heri kujumlisha miaka kadhaa na, muhimu zaidi kwangu, kuuliza kilichompata mgonjwa yule mmoja.