Usiweke gasketi mbili kushusha kompresheni ya 4A-FE

Mkuu, weka spana chini kwanza. Umeandika kuwa una Corolla 110 yenye injini ya 4A-FE, unataka kuifunga tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi), fundi wako hapo Lindi amesema kompresheni, yaani kiasi ambacho silinda inabana mchanganyiko wa hewa na petroli, ishushwe kwa gasketi mbili za hedi (zile zinazoziba kati ya hedi na bloku), na kesho mnafungua. Unauliza hesabu inapigwaje, injekta zipi, na tabo ya ukubwa gani. Gasketi ya pili irudishe dukani leo leo.

Nilifanya hilohilo kwenye injini hiyohiyo, hapa Mtwara, kwa pesa ya korosho za msimu mzima.

Fundi wangu alichomeka geji kwenye tundu la plagi, ikasoma pauni 180 kwa inchi ya mraba. Akagawa kwa 14.7, yaani msukumo wa hewa ya kawaida, akapata 12, akaniambia kompresheni yangu ni 12 na nikiweka tabo injini itapasuka. Nilimwamini kwa sababu alitaja namba. Ile si hesabu! Geji inaonyesha msukumo wa hewa iliyopata joto kwa kubanwa, na msukumo huo unabadilika kwa kasi ya stata, hali ya ringi na muda wa valvu kufunga. Kompresheni yenyewe ni uwiano wa ujazo wa silinda pistoni ikiwa chini kabisa na ikiwa juu kabisa, na wa 4A-FE kutoka kiwandani ni 9.5. Mtu asiyetofautisha msukumo na uwiano wa ujazo hana ruhusa ya kugusa hedi ya mwenzake, na mpaka leo nina hasira naye.

Hesabu ni hii. Silinda ina kipenyo cha sentimita 8.1, pistoni inasafiri sentimita 7.7. Chukua 4.05 mara 4.05, mara 3.1416, mara 7.7: cc 396.8. Jumlisha na nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu kabisa, kisha gawa kwa nafasi hiyohiyo. Kwa 9.5, nafasi ni cc 46.7. Ukitaka kushusha mpaka 8.5, iwe cc 52.9. Kwa hiyo unatafuta cc 6.2 tu kila silinda.

Na mtego uko hapo. Cc 6.2 ukizitandaza kwenye tundu la gasketi la milimita 82 zinakuwa unene wa milimita 1.17, na gasketi yangu ikishabanwa ilikuwa karibu 1.2. Namba zikakubaliana kabisa, nikaona fundi ni bingwa. Tukafunga mbili.

Wiki ya tatu natoka Mtwara kwenda Masasi. Mingoyo nilipita vizuri. Baada ya Mtama gari likaanza kugonga kila nikikanyaga mafuta, kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo. Kabla ya Nyangao geji ya joto ikapanda, moshi mweupe nyuma. Nilipochomoa kijiti cha oili, rangi ilikuwa chai ya maziwa. Nilirudi Mtwara nimefungwa kamba nyuma ya lori la korosho. Hedi ilikuwa imepinda, gasketi zimepasuka kati ya silinda ya 2 na ya 3, pistoni moja imeliwa ukingoni. Shilingi 1,850,000, bila kuhesabu gharama ya tabo.

Njia ya kupiga hesabu ya ujazo ilikuwa sahihi, mahali pa kuuongeza ndipo palipokuwa pabaya. Sehemu bapa za hedi na za pistoni zinatakiwa zikaribiane sana ili zisukume mchanganyiko kuelekea plagi. Ukiinua hedi, mchanganyiko unabaki pembeni, unapata joto, unalipuka wenyewe. Umeshusha kompresheni ili isigonge, nayo inagonga zaidi. Halafu gasketi mbili laini zikibanwa pamoja zinalegea, bolti zinapoteza mkazo. Hata taiming belti inavutwa, kemshafti inayofungua valvu inachelewa kidogo.

Cc zako zitoke kwenye pistoni. Nunua pistoni zenye bakuli lenye ujazo unaouhitaji, gasketi ibaki moja. Usikubali kukwangua kichwa cha pistoni za kiwandani, hujui unene uliobaki chini yake.

Na kabla ya kununua chochote, pima. Injini hizi ni za mtumba, huwezi kujua hedi imepita mashineni kukwanguliwa uso mara ngapi. Yangu nilipokuja kuipima, nafasi yote ilikuwa cc 44.8, maana yake uwiano ulikuwa karibu 9.9 tangu mwanzo. Funga valvu na plagi, paka grisi ukingoni mwa chemba (lile shimo la mwako kwenye hedi), laza kioo cha plastiki chenye tundu dogo, jaza mafuta ya taa kwa bomba la sindano ukihesabu cc. Hiyo ni chemba. Ongeza ujazo wa bakuli la pistoni kama lipo, wa tundu la gasketi kwa unene wake, na wa pengo la pistoni chini ya uso wa bloku. Fanya silinda zote 4, moja moja.

Kioo changu na bomba la cc 60 ninavyo bado. Ukipata mtu anayekuja Mtwara mwambie avipitie, halafu weka namba zako 4 hapa tuzipige pamoja kabla hujaagiza pistoni.