Nondo wa kijivu kwenye mti wa betula

SWALI: Mwezi Mei niliona majani ya mti wa betula yameshonwa pamoja kwa nyuzi nyeupe, ndani mna kiwavi. Mwezi Julai nondo wa kijivu mwenye kitu kama pua akaja kwenye taa. Je, ni yule yule? Na nipulize dawa?

JIBU: Usipulize. Majani machache yaliyoshonwa hayaudhuru mti wenye afya, na dawa haimuui kiwavi peke yake. Inaua pia nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya viwavi na kuwapunguza.

Huenda ni Ortholepis betulae wa familia ya Pyralidae, aliyepewa jina la kisayansi na mwanazoolojia Mjerumani Goeze mwaka 1778. Huko Ulaya kiwavi wake hula majani ya betula akiwa ndani ya utando wa hariri, na nondo mzima huruka Juni na Julai. Majira yanalingana na uliyoyaona, lakini hilo halitoshi, kwa sababu viwavi wa familia ya Tortricidae nao hushona majani ya betula. Amerika Kaskazini yupo Acrobasis betulella, na huyo hujitambulisha mwenyewe: hujenga bomba jeusi la hariri na kinyesi chake, akakaa humo.

Hiyo "pua" ni palpi mbili za mdomo, yaani viungo vidogo vya kuhisia vilivyochomoza mbele ya kichwa. Chukua lenzi ya kukuza mara 10, utazame mrija wa kunyonyea pale unapoanzia. Ukiwa na magamba, Tortricidae umeshaiondoa. Uhakika kamili hupatikana kwa kumfuga kiwavi mpaka awe nondo.

SWALI: Viwavi wangu hufa ndani ya kopo kabla hawajawa nondo. Nakosea wapi?

JIBU: Mara nyingi ni unyevu. Kopo la plastiki lililofungwa hutoa jasho, kinyesi kikaota ukungu, na kiwavi akafia ndani ya utando wake. Kata kitawi kizima bila kufungua utando. Kichomeke kwenye kichupa cha maji na uzibe mdomo wake kwa pamba, la sivyo kiwavi atateremka na kuzama. Weka vyote kwenye boksi lenye mfuniko wa wavu mwembamba, mbali na jua, na uondoe kinyesi kila siku. Majani yakinyauka, weka kitawi kipya kikigusana na cha zamani, umwache ahame mwenyewe. Kumvuta kwa koleo humjeruhi. Chini tandaza majani makavu kidogo, maana akishiba huweza kushuka kutafuta pa kuwa pupa, hatua ya kutulia kabla ya kugeuka nondo.

Andika tarehe, mahali na aina ya mti siku ile ile. Akitoka nyigu badala ya nondo, mhifadhi pia na lebo yake: rekodi ya nyigu na kiwavi aliyemlea ni adimu kuliko ya nondo mwenyewe.