Mwaulize Mtazama Nyota: Darubini ya kwanza ninunue ipi?

Habari kaka. Mtoto wangu ana miaka 11, kuna mgeni alikuja shuleni kwao akawaonyesha mwezi kwa darubini, tangu siku hiyo hapumziki, kila siku ni "mama darubini". Nimekusanya laki tano. Kariakoo nimeonyeshwa moja ya laki mbili na nusu, kwenye boksi wameandika inakuza mara 525. Nichukue? – Mama Imani, Dodoma

Mama Imani, hongera kwanza kwa kumsikiliza mtoto, ila hiyo usichukue. Yaani nakuomba kabisa.

Hiyo 525 wanaipataje? Darubini za aina hiyo nyingi zina urefu wa fokasi (yaani umbali kutoka lenzi ya mbele mpaka pale picha inapokusanyika) milimita 700, wanakuwekea aipisi ya milimita 4 (aipisi ni kile kilenzi unachowekea jicho), 700 gawa kwa 4 ni 175, halafu wanaongeza lenzi ya kuzidisha mara 3, ndo inafika 525. Kwenye hesabu ni kweli, ila angani utaona ukungu tu. Darubini inabebwa na upana wa lenzi au kioo chake cha mbele, na mwisho wa kukuza kwa maana ni kama mara 2 kwa kila milimita ya upana, kwahiyo ya milimita 60 mwisho wake ni 120, na hapo hewa iwe imetulia. Mimi ya kwanza ilikuwa ya milimita 60, stendi yake ukigusa tu picha inatetemeka mpaka unachoka, nikaona mwezi wiki mbili halafu ikaishia uvunguni, na inaniuma mpaka leo kwa sababu ningeweza kukata tamaa moja kwa moja. Galileo, yule mtazama nyota wa Italia, mwaka 1610 aliiona miezi minne ya sayari ya Mshtarii kwa kukuza kama mara 20 tu. Pete za sayari ya Zohali kwa mara 50 unaziona vizuri kabisa.

Kwahiyo angalia vitu viwili, upana na stendi isiyotikisika. Ninayoipenda kuliko zote ni ya Dobson, ina kioo chini ya bomba, na bomba limekaa kwenye kiti cha mbao sakafuni, unasukuma kwa mkono juu chini kushoto kulia basi. John Dobson wa San Francisco aliitengeneza hivyo makusudi, iwe rahisi watu wa kawaida wajitengenezee na kutazama barabarani. Ya inchi 6, yaani milimita 150, inakusanya mwanga mara 6 kuliko ya milimita 60. Shida ni bei, hata kwa Marekani inapita laki tano yako, bado usafiri na ushuru. Kwa laki tano yako tafuta ndogo ya kuweka mezani ya aina hiyohiyo, kioo milimita 114 hivi, kama una ndugu anakuja kutoka nje akubebee.

Ukikosa, nunua bainokula ya 10x50, kumi ni kukuza, hamsini ni upana kwa milimita. Pete za Zohali hutaziona, ila mashimo ya mwezi utayaona, na Kilimia, zile nyota wakulima wa zamani walizitazama kujua msimu, kwa macho unahesabu sita saba lakini kwa bainokula zinajaa. Na nyinyi Dodoma mna bahati, mwezi wa sita mpaka wa nane anga kavu, tokeni nje kidogo ya taa za mji, mtaona ule ukanda mweupe wa nyota unapita utosini.

Halafu jua. Mtoto asielekeze darubini kwenye jua hata sekunde moja, jicho linaungua ndani bila kuuma. Ukikuta kwenye boksi kichujio kidogo cha jua cha kufunga kwenye aipisi kitupe, kinaweza kupasuka kwa joto huku jicho liko pale.

Swali la pili: Mimi niko Nairobi, nimenunua darubini yenye stendi ya ikweta, ile ina chuma cha uzito upande mmoja. Kitabu kinasema nielekeze kwa nyota ya kaskazini, nimeitafuta wiki nzima siioni. Ni macho yangu?

Macho yako mazima ndugu yangu. Nairobi iko kusini ya ikweta kidogo, hiyo nyota iko chini ya upeo wa macho, hutaiona hata ukipanda ghorofani. Nyingi ya hizo stendi zimetengenezewa watu wa Ulaya na Marekani, kwao mhimili, kile chuma cha stendi kinachotakiwa kuelekea nyota hiyo, unainama juu sana, kwetu unatakiwa ulale karibu sawasawa na ardhi na nyingi hazishuki hivyo, ukilazimisha mpini wa uzito unagonga miguu ya stendi. Ndo maana huku nawaambia watu wachukue stendi ya kawaida ya juu chini kushoto kulia. Kwa kukuza mara 120 sayari inatoka kwenye picha baada ya dakika moja na ushee, unasukuma kidogo, unazoea. Usiuze darubini, badilisha stendi tu.

Swali la tatu: Lenzi yangu imeota kama utando wa buibui. Naishi Mombasa karibu na bahari. Nifute na nini?

Usifute na shati! Hiyo ni kuvu, inapenda unyevu. Ukimaliza kutazama usiku usifunike lenzi ikiwa na umande, iache ikauke ndani ya nyumba kwanza, halafu weka kwenye boksi la plastiki linalobana pamoja na vile vipakiti vya silika jeli vinavyonyonya unyevu, na lenzi hiyo usiiweke na nyingine zikaambukizana. Kama utando uko ndani na ni mdogo achana nao, picha haiharibiki sana, ukiwa mkubwa mpelekee fundi wa kamera aifungue.